Weupe wa Mama Povu

Vitambaa vya meza vilianikwa vyeupe, vikakauka vya buluu.

Baba Nyasi alikuwa uani, sahani magotini, anakula chakula cha mchana, na aliyaona yote kwa macho yake mwenyewe. Vitambaa vilining'inia kwenye kamba, safu kwa safu, mali ya klabu ya gofu iliyo ng'ambo ya ua wa michongoma. Kadiri jua lilivyovikausha, ndivyo buluu ilivyojitokeza. Haikuwa buluu ya kukusudia, ile ya sare ya shule au mlango wa duka. Ilikuwa buluu ya aibu, kama midomo ya mtu aliyekaa majini kupita kiasi, imejikusanya kwenye pindo na kufifia katikati.

Mkewe alikuwa dobi wa klabu ile, na mtaa mzima ulimwita Mama Povu. Alitoka ndani na pasi mkononi, akasimama. Alikishika kitambaa cha kwanza, akakinusa. Akakishika cha pili, akakiramba pembeni, maana dobi wa kweli hukagua kwa viungo vyote. Kisha akageuka taratibu kuelekea kwenye mabeseni, alipoinama mke wa mtoto wao wa kiume. Huyo aliolewa mwaka uliopita, na hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kuacha kumwita Bi Harusi.

"Mke wa mwanangu," aliita.

Dalili mbaya. Siku za furaha alimwita "mwanangu" tu. "Mke wa mwanangu" ilikuwa hati ya mashtaka.

"Abee, mama."

"Buluu umetia kiasi gani?"

"Sikutia, mama. Leo sikutia kabisa."

"Nimekuuliza kiasi gani. Sikukuuliza kama umetia."

Siri ya nguo nyeupe si sabuni, ni buluu. Unachovya kifuko chake kidogo katika maji ya mwisho ya kusuuzia, unakitikisa mara moja, na umanjano wote unakimbia. Kwa dobi, buluu ni kama chumvi kwa mpishi: ikikolea sawasawa anasifiwa mpishi, ikizidi anatafutwa aliyetumwa kuitia. Na katika maisha yake yote Mama Povu alikuwa hajapata kuona buluu iliyotoka mahali pengine isipokuwa katika kifuko kile.

"Basi imejitia yenyewe," alisema. "Imetembea kwa miguu yake, imeona beseni, ikasema ngoja nioge."

Wakafua upya, haraka haraka, kwa maana mkokoteni wa klabu ulikuwa njiani. Vikatoka buluu zaidi. Mama Povu aliamua kwamba doa la buluu ndivyo lilivyo, ukilisumbua linatanuka, kama uvumi. Akang'oa kitambaa kimoja kwenye kamba akamtupia mumewe juu ya sahani.

"Hebu tazama, baba watoto. Wewe unafanya kazi na waungwana. Hiki ni kitambaa cha kulia chakula au pazia la zahanati?"

Baba Nyasi alikishika. Akatazama kitambaa, akatazama vidole vyake vilivyokishika. Chini ya kucha zake kulikuwa na rangi ambayo sabuni ilishindwa kuiondoa tangu Jumamosi. Buluu ya kitambaa na buluu ya kucha zilitazamana kama ndugu wa tumbo moja waliopoteana sokoni.

Kazi yake katika klabu ile ilikuwa kuzihudumia nyasi, na nyasi zile hazikuwa nyasi za kuchezewa. Zilikunywa asubuhi na jioni kutoka kwenye kisima kirefu cha pampu, hata majira haya ambayo visima vya mtaa vilikuwa vimekauka kimoja baada ya kingine. Watu walilaumu jua, na jua, kwa kuwa halina wakili, lilinyamaza. Zilikula mbolea. Mbolea iliyosalia iliteremka bwawani, na bwawa likaota ukoga mzito wa kijani, hata wanachama wakalalamika kwamba mipira inayotumbukia humo inatoka na ndevu. Ndipo Meneja akanunua unga wa buluu. Haukuua ukoga. Ulikuwa rangi, kazi yake kuufanya ukoga usionekane. "Hili halina haja ya kuzungumzwa nje ya ua," Meneja alisema siku ile, na Baba Nyasi akaitikia. Kila Jumamosi alimwaga unga bwawani, kisha akasuuza ndoo zake kwenye lango la bwawa, pale maji yanapotoka kuwa kijito. Wiki hii aliambiwa azidishe, maana mashindano yalikuwa karibu. Na kijito hicho kilipita nyuma ya nyumba za mtaa, ambako kina mama walichota tangu visima vilipokufa.

Mambo haya yote alikuwa anayajua, moja moja, kama mtu anavyowajua majirani wasiosalimiana. Mchana ule, sahani magotini, yakasalimiana.

Alipaswa kusema papo hapo. Badala yake aliificha mikono chini ya sahani.

"Labda ni jua," alisema.

"Jua linafifisha," alisema Mama Povu. "Halipaki rangi."

* * *

Meneja aliwaita Mama Povu na Bi Harusi kesho yake. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa unachoma. Aliwaomba wasimame juu ya jamvi la mlangoni, kwa ajili ya zulia, akawauliza habari za nyumbani, akaomba radhi kwamba viti vyote vilikuwa na majalada. Baba Nyasi alijitafutia kazi chini ya dirisha la ofisi, akawa anapogoa kichaka ambacho alikipogoa juzi.

"Mama," alisema Meneja, "miezi hii yote nimekusifu. Nimekusifu au sikukusifu?"

"Umenisifu, bwana."

"Wanachama walikuwa wananiuliza, nani anafua hizi nguo? Weupe wa kutisha. Nikawa najivuna kama nafua mimi. Sasa jana mgeni mmoja kaniuliza kama tuna msiba wa baharia."

Kweli, alikuwa amemsifu. Miezi ile ya karibuni nguo za Mama Povu zilikuwa zimeng'aa kuliko wakati wowote. Mwenyewe hakujivuna. Alikuwa tu anapita kila asubuhi kwa dobi mwenzake wa nyumba ya kona, kumjulia hali na kumwuliza kama macho yake bado yanaumia kwa ule mwanga.

"Mashindano ni wiki hii," aliendelea Meneja. "Nguo za mezani nimewapa wale wa mashine, mjini."

"Kwa muda, bwana, au moja kwa moja?"

"Itategemea maelezo."

Baba Nyasi alishika mkasi, akasubiri. Kisha akasikia nyayo zikikwaruza jamvi, na sauti ya mkewe.

"Maelezo ni haya hapa," alisema Mama Povu, na kumsukuma Bi Harusi mbele kwa kiwiko.

Bi Harusi hakulia. Alisimama mikono nyuma, macho kwenye zulia ambalo hakuruhusiwa kulikanyaga.

"Una nini mikononi?" aliuliza Meneja. "Hebu niione." Kisha, kwa upole uleule: "Mama, mtu mwenye ngozi hivi anashika nguo za kulia wageni?"

"Ni vipele tu, bwana," alisema Bi Harusi. "Vimeanza tangu tuanze kuchota..."

"Nyamaza," alisema Mama Povu.

Chini ya dirisha, mkasi ulikuwa unakata, unakata. Walipotoka, kichaka kilikuwa kimebaki kijiti kimoja na majani yake mawili, kimepata adhabu ya kesi isiyokihusu.

* * *

Jioni simu ilipigwa kwa mtoto wao, dereva wa lori, aliyekuja nyumbani kila lori lilipokubali. Mama Povu aliweka simu mezani na kuifungulia sauti, ili haki itendeke hadharani.

"Mwanangu, nimeamua mkeo aende kwao kidogo."

"Kwao? Kuna nini?"

"Akajifunze kufua. Mama yake alitupa nusu."

"Mama, mimi niko njiani, na nimebeba mayai. Usinipe habari ya kunitetemesha." Ngurumo ya injini ikapita. "Baba anasemaje?"

Wote wakamgeukia Baba Nyasi. Yeye aliitazama simu kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni.

"Baba yako anasema tuendelee kutafakari," alisema.

"Sasa hapo baba kasema nini?"

"Hajasema kitu," alisema Mama Povu. "Lakini mwenzako nimeshapeleka ujumbe kwa mama yake. Jumamosi anakuja."

Ndipo Bi Harusi alipoweka chini kikombe alichokuwa anakausha. Kurudi kwao na sanduku hakukuwa safari ya kujifunza kufua, na kila mtu chumbani mle alilijua hilo. Mwanamke akirudishwa mara moja, mtaa humsindikiza maisha yake yote.

"Vizuri," alisema. "Mama aje. Na aje na kitambaa kipya cheupe, kisichoguswa na mtu. Mimi nitachota maji mwenyewe, na wewe mama utafuatana nami, unishike hata mkono. Nitakifua mbele yenu, bila buluu. Kikitoka buluu, mtaniambia aliyetia ni nani."

"Na kikitoka cheupe?"

"Kikitoka cheupe, sanduku nitalibeba mwenyewe. Hamtahitaji mkokoteni."

"Sikieni," alisema Mama Povu, lakini sauti yake ilipungua kidogo, kwa kuwa hakutegemea kubishiwa na mtu aliyekuwa sahihi kiasi kile.

Baba Nyasi alienda kulala na moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu vitambaa vile. Jumamosi! Jumamosi ndiyo siku yake ya kumwaga unga. Angemwaga kama alivyoagizwa, maji yangeteremka kama kawaida yake, kitambaa kingetoka buluu, mke wa mwanawe angeokoka, na yeye hangelazimika kufungua kinywa. Ingekuwa haki iliyopatikana bila mtu kuitenda. Ni nadra sana dunia kumpangia mwoga mambo mazuri namna hiyo.

* * *

Jumamosi asubuhi alimwaga unga kwa mkono wa harusi. Akazidisha juu ya maagizo ya kuzidisha. Ndoo akazisuuza langoni kwa uangalifu ambao hakuwahi kuuonyesha kwa chombo chochote cha nyumbani kwake. Kijito kikateremka na mshipi wa buluu katikati yake, naye akausindikiza kwa macho kama anayeaga ndugu anayekwenda masomoni. Mbele ya nyumba ya klabu wahudumu walikuwa wanapanga viti, na maji ya vinyunyizio yalikuwa yanacheza juani juu ya nyasi.

Alipofika nyumbani mchana, mama yake Bi Harusi alikuwa ameshafika. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mwenye macho ya kupima. Alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri, amejiwekea kitambaa magotini, cheupe pe, bado kina mikunjo ya dukani.

"Mkwe wangu," alimsalimia Baba Nyasi, "nasikia mna mahakama hapa."

"Karibu, mkwe. Ni mambo madogo tu. Yatakwisha leo."

"Yataisha vipi, na mimi nimeambiwa nilimfundisha binti nusu? Hiyo nusu nyingine nimekuja kuiangalia."

"Ni maneno ya hasira, dada," alisema Mama Povu kutoka mlangoni.

"Ya hasira ndiyo huwa ya kweli. Ya furaha tunayatunga."

Mama Povu na Bi Harusi walikuwa wamekwenda kuchota na kurudi. Ndoo ilikuwa pale katikati ya ua. Baba Nyasi akaisogelea, akachungulia, lakini ndoo ilikuwa nyeusi, na ndani ya ndoo nyeusi maji yote ni mamoja.

"Imekuwa kazi," alisema Mama Povu, akifuta jasho. "Kijito leo kimekuwa uzi. Tumekuta kimekatika kabisa, pakavu, samaki wadogo wanapigapiga mikia. Tumepanda mpaka kwenye lile jiwe, tukakinga kwa bakuli yale yanayotoka ufani mwake. Sijui kimepatwa na nini."

Baba Nyasi alijua. Wamefunga lango. Wageni wanakuja, wanataka bwawa lijae hadi ukingoni, basi mtu wa pampu amefunga lango mara tu yeye alipogeuza mgongo. Buluu yake yote ilikuwa imekaa kule juu, inapendeza.

"Labda tungengoja kesho," alisema. "Maji ya mwamba ni mazito."

"Mazito kivipi?" aliuliza mkewe.

"Kwa nguo. Yana... uzito."

Fundi cherehani alimpima kwa macho, bega hadi bega.

"Tufue," alisema Bi Harusi.

Akafua. Hakika alifua vizuri. Alikipa kitambaa sabuni kidogo, akakisugua kwa mikono ile yenye vipele, akakisuuza, akakikamua bila kukinyonga, akakianika peke yake kwenye kamba ndefu. Kisha wote wanne wakakaa kukitazama kinavyokauka. Baba Nyasi alikikazia macho mpaka yakatoka machozi. Pengine alikuwa mtu wa kwanza duniani kuombea doa. Ingia kidogo tu, alikiomba. Hata kwenye pindo. Hata ukubwa wa kucha.

Kikakauka cheupe kama kilivyotoka dukani.

Mama Povu hakushangilia. Alikianua, akakikunja, akampa mwenyewe, na ilionekana alikuwa ametumaini kidogo kushindwa.

"Umeona mwenyewe, dada," alisema polepole. "Bila buluu, cheupe. Maana yake siku ile..."

"Nimeona," alisema fundi cherehani. Alimgeukia binti yake. "Ulitia?"

"Sikutia, mama."

"Basi sielewi. Lakini ulisema utabeba, na watu wa kwetu wakisema wanabeba. Kachukue sanduku."

Bi Harusi aliingia ndani. Walisikia kabati likifunguliwa, hanga zikigongana, zipu ikikwama na kuvutwa tena. Alitoka na sanduku la kijivu, lile lililoingia nyumba ile kwa vigelegele mwaka uliopita, na alipofika mbele ya Baba Nyasi akasimama kuaga, maana alikuwa na adabu hata za siku ile.

"Baba, kwaheri. Uniagie mwenzangu, akishusha mayai."

"Kaa chini," alisema Baba Nyasi.

"Baba?"

"Kaa. Wote kaeni." Walikuwa wamekaa tayari, isipokuwa Bi Harusi. "Ni mimi."

"Wewe ni nini?" aliuliza Mama Povu.

"Niliyetia buluu."

Mama Povu alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyepigwa na jua. "Wewe hujui hata kifuko kinakaa wapi."

Basi akawaeleza. Hakuyaeleza vizuri. Alianzia katikati, akarudi kwenye mbolea, akaruka kwenye mipira yenye ndevu, akatetea nyasi mahali ambapo hakuna aliyezishambulia. Akanyoosha mikono yake mbele wakaona kucha. Akasema unga, bwawa, ndoo, lango, kijito. Akasema leo lango limefungwa ndiyo maana. Alipofika mwisho akabaki amenyoosha mikono vilevile, kama anayesubiri kumwagiwa maji ya kunawa.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza Bi Harusi.

"Tangu mchana wa vitambaa."

"Nilipokuwa nasimamishwa kwenye jamvi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa chini ya dirisha."

"Nilisikia mkasi," alisema Bi Harusi. "Nikasema moyoni, afadhali baba yupo karibu."

Hapo Baba Nyasi alitamani angetukanwa. Fundi cherehani, ambaye matusi alikuwa nayo ya kutosha, aliyaacha. "Na mikono yake?" aliuliza tu. "Hiyo nayo ni rangi?"

"Sijui, mkwe. Tunapiga dawa ya magugu pia. Na ya wadudu. Vyote vinateremka kulekule. Sijui ni ipi."

Mama Povu alikuwa ametazama chini, anafikiri, na midomo yake inacheza kidogo kama anayejumlisha. Kisha akainua uso.

"Huo unga. Mlianza lini kuumwaga?"

"Baada ya mvua za mwisho."

"Kidogo kidogo, mwanzoni."

"Kidogo, ndiyo."

"Kidogo kinang'arisha," alisema Mama Povu. Hakuwa anamwuliza mtu. "Kikizidi ndiyo kinaharibu. Kwa hiyo ule weupe. Ule waliousifu."

Baba Nyasi angeweza kusema uongo. Ungekuwa uongo mdogo, wa hisani, na hakuna mtu angeukagua. Alimtazama mkewe, mikono yake iliyofura kwa miaka ya maji na magadi, akatafuta uongo huo, akaukuta, akaushika. Lakini alikuwa amechoka kushika vitu.

"Ule nao," alisema.

Mama Povu aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama anayepokea chenji. Akainuka, akachukua sanduku la kijivu kwa mkono wake mwenyewe, akalirudisha ndani. Walimsikia akitundika nguo kabatini, moja moja, kwa muda mrefu kuliko idadi ya nguo zenyewe. Alipotoka alikuwa ameshika kopo la mafuta ya mgando.

"Lete hiyo mikono, mwanangu," alisema.

* * *

Jumatatu Baba Nyasi aliamka akakuta mkewe ameshavaa gauni lake la kutokea.

"Unakwenda wapi?"

"Nina safari yangu. Wewe nenda kaseme huko kwenu kama ulivyosema hapa."

"Watanifukuza."

"Watakufukuza," alikubali Mama Povu, akifunga kilemba. "Basi nenda umevaa shati safi."

Alitoka kabla yake. Naye alipokuwa njiani, akipita nyumba ya kona, ile ya dobi mwenzake aliyekuwa akiulizwa habari za macho yake, alisikia sauti ya mkewe dirishani. Haikuwa sauti yake ya kila siku. Ilikuwa sauti ya mtu anayemeza kitu kigumu bila maji. "...haukuwa mkono wangu," ilikuwa inasema. "Ulikuwa uchafu wa bwawa. Ndiyo, cheka, una haki, lakini cheka baadaye. Watoto wako unawaogesha kwa maji gani?"

Baba Nyasi hakusimama kusikiliza jibu.

Meneja alimkaribisha vizuri. Mashindano yalikuwa yamefana. Safari hii viti havikuwa na majalada, na Baba Nyasi alipomaliza kusema, Meneja aliinuka akafunga mlango, akarudi, akaketi upande uleule wa meza alioketi mgeni wake.

"Umefanya vizuri kuja kwangu," alisema. "Wewe ni mtu wa nyumbani. Hii rangi, hata sanduku lake limeandikwa haina madhara."

"Na dawa ya magugu, bwana?"

"Tusichanganye mambo." Alijikuna shingo. "Sikiliza. Mimi nina wanachama juu yangu, nao wanataka nyasi ziwe kijani mwaka mzima na bwawa liwe buluu. Hawaniulizi vipi. Nikiwaambia haiwezekani, kesho hapa atakaa mwingine, na atamwaga zaidi. Unanielewa?"

"Nakuelewa." Na kweli alimwelewa. Alikuwa amejiambia maneno hayohayo chini ya dirisha, kwa mkasi.

"Basi tufanye hivi. Kazi yako iko palepale. Mama arudishiwe nguo zake, zote, na nyingine tumwongezee. Na nitawawekea tangi la maji hapo uani kwenu. Gari litalijaza kila wiki, maji safi, ya mjini. Hutachota kijito tena, wewe na nyumba yako. Nami naomba kitu kidogo tu, kwamba hili libaki hapa." Aligonga meza kwa kidole, kwa upole. "Nani mwingine anajua?"

Baba Nyasi aliliona lile tangi. Aliliona limesimama uani, refu, jeusi, na bomba linalofunguka kwa kuzungushwa. Alimwona Bi Harusi akinawa chini yake, mikono imepona. Aliona pia safu ya ndoo za majirani upande wa pili wa ukuta, zikitazama. Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwake, fupi, la maneno mawili tu: nyumbani kwangu. Hata lingekuwa karibu na kweli, kama angelisema haraka.

"Mke wangu ametoka asubuhi," alisema.

"Amekwenda wapi?"

"Anapita nyumba kwa nyumba. Anawaambia watu kwamba ule weupe haukuwa wake."

Meneja alicheka kidogo, akangoja sehemu iliyobaki, na alipoona hakuna, kicheko kikamwishia. Alitazama saa ya ukutani. Nje, vinyunyizio vilifunguka vyote kwa pamoja.

"Atakuwa amefika nyumba ngapi sasa hivi?" aliuliza. "Labda tukimtumia mtu na pikipiki..."

"Sijui amefika wapi, bwana," alisema Baba Nyasi, akisimama, na kukirudisha kiti mahali pake. "Ila mke wangu huyo, tangu nimemwoa, hajapata kuacha kazi nusu."